Upanga Mzito

Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia, Shamte hakuwa ameigusa gemu yake. Asubuhi hiyo mkewe, Mwanahawa, aliiwasha mwenyewe, akaketi kando yake na kumwekea padi ya kuchezea mapajani.

"Tuchague silaha," alisema.

Kwenye runinga zilionekana mbili, pamoja na nguvu zake. Upanga mkubwa ulikuwa na pigo la mia mbili na kumi. Jambia lilikuwa na themanini tu.

"Basi upanga ndio bora."

"Ni mzito. Lazima ubane kitufe cha kulia mpaka uinuke, halafu ukiachie kwa wakati wake." Shamte alikitazama kidole gumba chake kilichokataa kukunjika. "Jambia ni kubofya tu, hata kwa kushoto naweza. Tuchukue jambia, Mama Siti."

"Unalipenda?"

"Sijawahi kulitumia."

Mwanahawa alisogea mpaka mabega yao yakagusana. Akaupitisha mkono wake juu ya mkono wa mumewe uliolegea, akaushika upande wa kulia wa padi.

"Wewe tembea, mimi nitabana. Niambie tu lini niachie."

Shamte alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, akauchagua upanga.

Lango lilifunguka, na zimwi lenye rungu likawajia. Mwanahawa akabana. Upanga ulipanda polepole hadi juu ya kichwa, ukatulia huko.

"Bado," alinong'ona Shamte. "Bado, mke wangu. Ngoja lisogee."