Upande Usiokunywa Wino

Asubuhi ya mazishi, mama mkwe alimkuta Veneranda sebuleni, mbele ya printa ya marehemu mumewe, Gaudensi.

"Mtolee mwanangu picha ya kutangulia jeneza," alisema. "Kwenye karatasi ya kung'aa, siyo hiyo ya kuchapia barua. Ukimaliza, fungasha nguo zako. Kesho jua lisikukute humu. Na printa uiache, ni ya mwanangu."

"Sawa, mama."

Gaudensi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuwa karatasi ya kung'aa hunywa wino upande mmoja tu. Ukichapa mgongoni, picha inatoka lakini haikauki. Veneranda aliipapasa karatasi kwa kidole, akaigeuza, akaipachika. Mumewe akatoka polepole, anatabasamu, amelowa. Akambandika juu ya kadibodi, akamkabidhi kwa mama mkwe akimshika pembeni.

Makaburini mama mkwe aliikumbatia picha, akaipapasa mashavu, akaibusu. Waliporudi nyumbani karatasi ilikuwa madoa matupu. Uso wa mwanawe ulikuwa umehamia viganjani mwake na kifuani, kwenye gauni jeupe. Aliketi mkekani, viganja vikitazama juu, kama mtu aliyekinga maji asitake yamwagike.

Chakula kilipoiva, Veneranda alikuja na jagi na beseni, akapiga magoti mbele yake, mkamwana mwema, watu wote wakiona.

"Nawa, mama," alisema kwa upole. "Chakula kinapoa."

Mama mkwe akafumba viganja. Veneranda akainamisha jagi.