Sombe kwa Jirani

Mama Gaël alisimama mbele ya mlango wa jirani yake, sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ikimchoma viganja kupitia kitenge. Humo ndani, katika jengo lile lile alimoishi yeye, Morse Road, aliishi kijana aliyeendesha gari akiwa amelewa, akamuua mwanawe, Gaël.

Tangu mazishi, hakuna mtu wa kanisani aliyekanyaga hapa. Yeye alikuja kwa sababu ameamriwa kupenda, si kwa sababu anapenda.

Mlango ukafunguliwa. Mama wa yule kijana alikuwa amekonda, nywele timtimu. Alipomwona akapiga magoti, akamshika miguu.

"Mama Gaël, mi sina hata neno ya kusema."

Tangu asubuhi Mama Gaël alikuwa ameandaa neno la msamaha. Halikutoka.

"Bon, inuka ukule. Sombe itapoa."

Wakaketi. Mama Gaël akamega ugali uliokuwa mezani, akamlisha mwenzake kama mtoto, na kwa kila tonge akamwomba Mungu amlainishe moyo. Moyo ulibaki mgumu vile vile.

Ndipo kijana akatoka chumbani, akijikongoja kwa magongo. Alipomwona mgeni akasimama palepale.

Mkono wa Mama Gaël ukaganda juu ya sahani. Mafuta ya mawese yalimtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Kuya," akamwita kijana bila kumtazama. "Nawa mikono, ukule."