Kisikauke

Nuara alikidaka kile kijiti cha kioo kabla hakijaingia kwenye pipa la taka.

"Hiki hakitupwi," alisema. Haikuwa kawaida yake kumpokonya mtu kitu, sembuse mkuu wa kazi.

Bwana Tahar alibaki kinywa wazi. Alikuwa na wiki mbili tu katika maabara ile ya maji pale Constantine, na mpaka siku hiyo alimjua Nuara kuwa mwanamke mpole, fundi wa kupima tindikali asiyekosea.

"Dada Nuara, elektrodi hii ya kupimia tindikali imekufa. Nimeitia kwenye maji ya kipimo, ya namba saba na ya namba nne, dakika tano nzima inayumba tu, haijui isome nini. Mpya zimekuja tatu. Unafuga maiti?"

"Niachie tu."

Vitu vile, ukivitunza sana, hudumu miaka miwili au mitatu. Hiki kilikuwa na kumi na mitatu. Kila asubuhi Nuara alikivua kifuniko, akasuuza chumvi iliyoganda, akakikausha kwa kukigusagusa na karatasi laini bila kusugua, kisha akajaza maji ya chumvi mapya. Kamwe si maji matupu, kwa sababu maji matupu hunyonya uhai wa kioo. Hata asubuhi za theluji, mji mzima umelala, yeye alikuja.

Tahar hakuondoka. Basi Nuara akamvuta karibu na sinki, akamwambia.

Kijiti kilikuwa cha Lakhdar, mwenzake wa meza ya pili. Fatiha ya uchumba wao ilikwisha kusomwa, magodoro ya harusi yalikwisha kununuliwa. Mwaka ule wa tisini na tano, vita vya ndani vikiwa vimepamba moto, Jumanne moja, Lakhdar alikwenda kuchota maji ya bwawa ya kupimwa, akamwachia: "Kisikauke, Nuara. Nikirudi nikikute kizima." Njiani palikuwa na kizuizi, na waliosimama pale walivaa kiaskari lakini hawakuwa askari. Gari lilionekana. Yeye hakuonekana.

"Tangu hapo mama yake huja kila Jumanne," Nuara alisema. "Mama Mesauda. Mabasi mawili na magoti yale mabovu, na mkate wa kesra amenifungia kwenye kitambaa. Anaketi pale, namvulia kifuniko, anakigusa kwa kidole. Anasema, 'Bado kibichi.' Halafu anashusha pumzi."

"Bado anamngoja mwanawe?"

"Yeye anangoja. Mimi singoji. Mwaka wa pili alinijia mtu aliyeponea vichakani siku ile, akanieleza alichokiona. Nilimwapisha mtu yule asimwambie mama. Mtoto wake wa pekee, Bwana Tahar. Siku atakayokikuta kikavu, mimi ndiye nitakuwa nimemuua."

Tahar alitazama sakafu. "Na wewe je? Miaka kumi na moja, hukuolewa."

Nuara alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuulizwa hilo mara nyingi. "Niolewe, nihamie kwa watu, halafu Jumanne akija amkute nani?"

Ilimchoma Tahar. Aliona aibu kwa lile neno lake la maiti. Akakichukua kijiti, akakirudisha mwenyewe kwenye kishikizo chake, akaenda zake ofisini.

Jumanne Mama Mesauda alichelewa. Aliingia akihema, akaweka kesra mezani, akajitupa kitini.

"Binti yangu, wiki hii hukusahau?"

"Nisahau vipi, Mama?"

"Watu husahau. Si dhambi." Alitia kidole ndani ya kifuniko. "Bado kibichi," alisema, akashusha pumzi. Akajifuta kidole kwenye shuka alilojitanda. "Yule mwalimu wa Setif aliyefiwa na mke, bado anakuulizia?"

"Mama nawe. Mimi nina mwenyewe."

"Una kichwa kigumu, ndicho ulicho nacho. Hebu nenda ukaniletee kahawa, na usininyime sukari."

Nuara alitoka akitabasamu. Tahar alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, akaona hapa ndipo mahali pa kufanya jema. Akavuta kiti karibu na bibi.

"Mama, nakutoa wasiwasi. Nimekwisha kutoa amri. Kijiti hiki hakitatupwa maadamu mimi niko hapa."

Alitarajia dua. Badala yake mama wa watu alinywea, mabega yakashuka, akageuka kutazama kama mlango umefungwa.

"Kwa nini, mwanangu?" alinong'ona. "Niliposikia amekuja mkuu mpya anayetupatupa vitu, nilifurahi."

Tahar alimwinamia asikie vizuri.

"Lakhdar tulimzika mimi na kaka yangu, kule Mila, mwezi ule ule. Nilimtambua hospitali kwa soksi nilizomfumia. Siku niliyokuja hapa kumwambia binti huyu, nikamkuta ameshika kijiti hiki kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa, nikaogopa kumwambia. Nikasema basi, tumngoje pamoja, mpaka achoke mwenyewe." Alipangusa macho kwa ncha ya shuka. "Miaka kumi na moja, kila Jumanne, basi la kwanza na basi la pili, namwomba Mungu nikikute kikavu."