Injini ya Baba

Siku hizi ufundi huhamishwa kutoka kichwa hadi kichwa, na anayeutoa hubaki mtupu. Ufundi hutoka na kumbukumbu zote zilizoshikamana nao. Shemhilu alilijua hilo alipochukua ufundi wa baba yake ili afufue pikipiki kongwe aliyoinunua. Alikulia gereji, akimshikia baba spana.

Alibadilisha pistoni na ringi, akafunga injini, akapiga kiki. Ikanguruma.

“Baba, unaisikia?”

“Naisikia, fundi,” mzee akajibu kwa adabu. “Wewe ni mtoto wa nani?”

Shemhilu alibonyeza swichi ya taa ya pikipiki, haikuwaka. Akageukia jikoni, alikokuwa mama yake, fundi umeme aliyemfundisha kufunga nyaya.

“Mama,” akaita kwa upole, “hebu njoo mara moja.”