Sahani ya Papa

Asubuhi ile Bibiche alikuwa anachafua ukuta.

Ukuta wenyewe ulikuwa picha tu ndani ya ordinateri, kompyuta ya biro ya Henri, ofisi ya kuchora nyumba, karibu na gare ya treni ya Kindu. Nyumba yote alikuwa ameshaijenga: matofali, mabati, mupapai mbele ya mulango. Sasa alikuwa anapaka moshi polepole, pale juu taa ya petroli ilikuwa inatundikwa zamani.

"Ee dada, wenzako wanang'arisha, weye unapaka masizi!" Henri akamucheka.

"Njo vile alisema. Eti nyumba iko safi sana, kama haina watu."

Aliyesema vile alikuwa namba tu, ya inchi ya mbali, bila jina, bila picha. Wiki mbili zilizopita aliona kazi zao kwa telefone, akaandika: munichoree nyumba ya tatu kutoka reli, vile ilikuwa mwaka wa 98, mbele haijaungua.

Bibiche akasoma mara mbili. Nyumba ya tatu njo kwao. Usiku vita ilipoingia, yeye alikuwa na miaka tano. Mama yake alifia mule. Bibiche, jirani alimutoa chini ya kitanda, moto umeshashika mabati. Papa yake, Florentin, mutu wa treni, alikuwa safarini Kibombo. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, hakuna aliyeonyesha kaburi.

Hakumwambia Henri. Wala hakuiuliza ile namba, "Weye njo Papa?" Aliogopa. Mutu aliyejificha miaka yote ile, ukimuita kwa nguvu anaweza kukimbia tena. Alichora tu, akatuma, akangoja.

Halafu akamujaribu. Akaweka mulango unafungukia kuume. Jibu likaja: "Hapana. Kushoto. Na chini unakwaruza simenti."

Kweli kabisa.

Akaweka kandambili za mama kando ya mulango. Jibu: "Hapana. Moja ilikatika kamba, imefungwa na waya."

Bibiche akaenda kulia nyuma ya biro.

Siku ile ya kupaka moshi, saa sita, ujumbe mwingine ukaingia: "Kwa meza weka sahani imefunikwa na sahani ingine. Bugali na majani ya sombe. Kijiko juu."

Akashika kinywa. Ile ilikuwa desturi ya mama: papa akiwa kwa treni, kila magaribi chakula chake kinapakuliwa, kinafunikwa, kijiko juu, na mutoto asiguse mpaka kuche. Nani mwingine angejua?

"Bibiche, unalia juu ya sahani?" Henri akauliza, sasa hacheki.

"Ni macho tu. Mwangaza iko mingi."

Ile sahani aliichora kuliko nyumba yote. Akaweka alama ya kidole kwa ukingo, tone la mawese, hata kijiko chenye kupinda shingo. Akatuma. Na kwa mara ya kwanza akaongeza maneno yake mwenyewe:

"Ni mimi Bibiche, mutoto wako. Sina hasira. Rudi, Papa."

Ujumbe ukasomwa palepale. Telefone ikaonyesha kwamba anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena.

"Hapana. Sahani ya papa yako ifunue. Ile usiku nilikula mimi, nilikuwa na njaa, wenzangu walikuwa wanamwaga petroli kwa ukuta. Na chini ya kitanda weka mguu mudogo wa mutoto. Niliuona. Sikuwaambia."

Inje treni ikapiga filimbi. Vidole vyake vikatafuta herufi, moja moja:

"Ulipokuwa unakula, mama alikuwa angali muzima?"

Alama moja ikatokea: umetumwa. Ya pili, ya kuonyesha umefika, mpaka leo haijatokea.