Sahihi ya Pili

Karani wa benki ile ya ugenini aliisukuma hundi ya msafiri chini ya kioo. "Weka sahihi ya pili hapa, dada. Ifanane na hii ya juu, la sivyo silipi."

Mwanaheri aliitazama ya juu. Siku aliyoondoka kwao, walipoinunua hundi hiyo, kaka yake alimshika mkono wakaiandika sahihi pamoja, maana yeye hakuzoea kalamu.

"Kadi ya benki huna?" karani akauliza.

"Sina. Mama yuko hospitali hapa mjini. Atapasuliwa saa sita, nikishalipa."

Ilikuwa saa tano na nusu. Mzee aliyesubiri nyuma yake akaguna, "Jina lako mwenyewe linakushinda?"

Mwanaheri akafumba macho. Akaulegeza mkono kama siku ile, na kalamu ikaanza kutembea.