Wanafunzi Bora wa Mwalimu Mianda

Malachie aliingia bila kubisha hodi, kichwa amekifunga kipande cha shuka la maonyesho. Nusu ya jua ambalo Mwalimu Mianda alikuwa amelichora kwa mkono wake ilionekana juu ya sikio. Nusu nyingine ilikuwa imelowa nyekundu.

"Metre, banakuya," alimwambia mwalimu wake, akitazama nyuma kama anayefuatwa. "Leo njo leo."

Nyuma yake waliingia Denise, na mtoto wake mgongoni, kisha Abner na Kyabu. Wote walikuwa wanafunzi wa Mianda tangu sekondari. Sasa ni watu wazima, lakini kila Jumamosi bado walikuja kufanya mazoezi ya maigizo katika karakana yake.

Mianda aliweka brashi chini. "Nani alikupiga?"

"Bijana ba ku gare, pale stesheni. Balisema tuko na mu-Kasai mumoja anafundisha batoto babo. Balitaka nibaonyeshe nyumba yako. Nilikatala."

Mianda hakusogea kuangalia kidonda. Nani ana moyo wa kuangalia damu ya mtoto aliyemlea?

Mwaka ule treni zilipita Kamina zimejaa watu wa Kasai waliofukuzwa Likasi na Kolwezi kwa kuwa si wenyeji, magodoro na masufuria yamefungwa juu ya mabehewa. Kila mtu alimwuliza Mianda ataondoka lini. Alijibu kwamba Kamina haijamfukuza. Hata Mpoyi, mwuza chumvi, ambaye ni wa Kasai kama yeye, alikuwa bado anafungua duka lake kila asubuhi.

Mianda mwenyewe alikuja kutoka Luputa, huko Kasai, akiwa kijana, na mashine ya slaidi aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi Ulaya. Kamina haikuwa imeona kitu cha namna ile: picha zinawaka kwenye shuka, kinasa sauti kinatoa mvua na ngurumo, na watu wanatembea mbele ya picha mpaka hujui yupi ni kivuli na yupi ni mtu. Enzi za Chama kimoja, yeye na waigizaji wake waliitwa kila sikukuu. Wakubwa walipiga makofi, wakala, wakaenda zao. Shule ikampa darasa. Mji ukampa mke, kisha ukamzika huyo mke. Karakana aliijenga mwenyewe nyuma ya nyumba, akasema hapo ndipo watakapomtolea akifa.

"Minyi siende fasi," alisema Mianda, akishika tena brashi. "Bakikuya, banikute hapa."

Denise alipiga magoti. Machozi yalitangulia, sauti ikafuata.

"Papa, tunakulomba. Bakikuua, shiye tutabakia na nani?"

Mtoto alilala mgongoni pake kimya, mdomo wazi, kama yuko kitandani kwao.

Mianda alijaribu kucheka. "Denise, mwaka muzima nilikulomba ulie ku mazoezi, ulishindwa. Leo njo unaweza?"

"Kule kulikuwa kucheza, Papa."

Abner alikuwa amesimama dirishani. "Balisha kupita ku soko," alisema. "Beko na petroli."

Hofu ya kuigiza Mianda aliijua vizuri, ndiyo kazi aliyoifundisha maisha yake yote, na hii aliiona si hiyo. Akanyoosha mkono kuchukua mashine ya slaidi.

"Acha, Metre," alisema Malachie. "Ukiibeba, muji muzima utakujua. Minyi nitakuchungia yote."

Malachie alikuwa akimsaidia darasani bila mshahara, kwa sababu shule ilikuwa na nafasi moja tu ya mwalimu wa maigizo. Na mpaka siku hiyo yeye na mke wake walikuwa wakilala sebuleni kwa mama mkwe. Mianda alimwangalia kijana huyo aliyevuja damu kwa ajili yake, akaona aibu kwamba hakuwahi kumfanyia jambo.

"Lete bibi yako mulale hapa mpaka nirudi," alisema. "Na batoto, usibaache bila mwalimu."

"Metre, usiseme bile." Malachie akageuza uso.

Kyabu alimfunika kitenge kichwani kama bibi mgonjwa. "Inama, Mama Mianda," alinong'ona, na hata wakati ule aliweza kumtolea tabasamu. Walipita nyuma ya nyumba, katikati ya mihogo, mbali na soko. Mji ulikuwa kimya. Kimya kile ndicho kilichomtisha zaidi.

Stesheni, treni ya kwenda Kasai ilikuwa imesimama tangu jana ikingoja injini, na sasa injini imefika. Wanne hao walimsukuma ndani ya behewa. Denise alimshika mkono mpaka dakika ya mwisho. Mama mmoja aliyekalia gunia alijisogeza.

"Ikala hapa, Papa. Unatokea wapi?"

"Hapa hapa, Kamina."

Yule mama alishangaa. "Hata Kamina balianza? Tunalala hapa tangu jana, bantu ba hapa banatuletea maji na muhogo. Sikuona hata muntu wa kututupia jiwe."

Treni ilishtuka, ikaanza kutembea. Mianda alitoa kichwa dirishani, akapunga mkono.

Hakuna aliyempungia. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja kwenye jukwaa la stesheni, nyuso zinang'aa jasho kama za watu waliofika mwisho bila kukosea. Walishikana mikono, wakainama pamoja jinsi alivyowafundisha kuaga watazamaji, wakainuka. Kisha Malachie alipiga hatua moja mbele, akainama tena peke yake.